Shangazi, taja vituo kuanzia Uyole

Ukikutana na mzee wa Kihehe njiani, iwe Kihesa hapa mjini Iringa au huko Kilolo, humpiti kwa kupunga mkono. Yeye anasimama, nawe unasimama. "Kamwene." "Kamwene." Zinafuata habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe kama anao, na binti akiwa mdogo kwake anakunja goti. Kusalimia huku unatembea ni utovu wa adabu. Ndiyo maana niliposoma kwamba huko Sweden waliwahi kupima hatari ya mzee kuanguka kwa kuangalia tu kama anasimama akisemeshwa njiani, nilicheka. Kwa kipimo hicho Iringa nzima ingelazwa.

Lakini utafiti wenyewe si wa kucheka. Ulichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Lancet. Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wa Umeå, kaskazini mwa Sweden, walitembea na wazee 58 wa kwenye makazi ya kutunzia wazee, na njiani wakaanzisha mazungumzo ya kawaida tu. Wazee 12 walisimama ndipo wakajibu. Walipofuatiliwa kwa miezi 6, kati ya hao 12, 10 walianguka. Hakuna mashine, hakuna damu iliyotolewa, ni maongezi tu. Pia kipimo hakikunasa kila mtu: wapo waliojibu bila kusimama na bado wakaanguka ndani ya miezi hiyohiyo.

Kwetu adabu inaificha dalili hiyo. Mzee aliyesimama kukusalimia huwezi kujua kama amesimama kwa heshima au kwa sababu miguu yake haiwezi kwenda wakati mdomo unafanya kazi. Inabidi umtazame pasipo na salamu, nyumbani kwake, katika safari zake fupi za jikoni, bombani na chooni. Na kabla ya kumtazama, msikilize.

Kaa kibarazani, fumba macho, sikiliza ndala zake anapovuka uwanja. Mtu ambaye miguu yake inajiendesha ana mlio mmoja: pa, pa, pa, pa. Akifika katikati muulize jambo la kumfanya afikiri kidogo, mathalani ule unga wa dona ulinunuliwa lini na kwa nani. Mlio ukiendelea vilevile na jibu likaja, shwari. Ukivurugika, hatua moja ndefu, mbili fupi, moja inaburuzwa, basi kuna jambo. Watafiti wanaopima mwendo kwa vifaa vya gharama wanatafuta kitu hichohicho: hatua zisizolingana muda. Mwendo wa namna hiyo unahusishwa na kuanguka.

Kutembea tunakuhesabu kuwa kazi ya miguu, na kwa kijana karibu ni kweli. Uti wa mgongo na ubongo mdogo wa nyuma, serebela, vinazipanga hatua bila kukuuliza, huku macho, sikio la ndani na nyayo vikipeleka taarifa: mwili umeinama upande gani, ardhi ikoje. Umri ukisogea, taarifa hizo zinafika pungufu. Macho yanafifia, sikio la ndani linapoteza chembe zake za kupima mwelekeo wa kichwa, nyayo zinapoteza hisia, na zaidi kwa mwenye kisukari. Hapo ubongo wa mbele, ule wa kupanga na kukumbuka, unaitwa uje kuisaidia miguu. Na huohuo ndio unaotakiwa kupokea simu, kukumbuka chenji na kumwangalia mjukuu asisogelee moto. Ni duka lenye muuzaji mmoja siku ya mnada: wateja wakija wawili, mmoja atasubiri. Anayesubiri akiwa ni mazungumzo, hakuna hasara. Ikiwa ni miguu, mtu yuko chini.

Wazee wengi wenye afya huchagua vizuri bila kufundishwa. Wanaacha maneno, wanailinda miguu. Kwa hiyo kusimama ili ujibu si kosa hata kidogo, ni busara, ingawa pia ni taarifa kwamba akiba imebaki ndogo. Wanaonitia hofu ni wale wasioacha chochote, wanaong'ang'ania kusema, kubeba na kugeuka kwa wakati mmoja huku mwili unayumba. Wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito, mara nyingi huwa hivyo, na mazoezi ya kuwachanganyia kazi mbili hayafai kuanzwa nyumbani kwa kubahatisha.

Shangazi yangu, mwenye miaka sabini na kitu, hakuanguka kwenye utelezi. Alianguka saa nne asubuhi, jua linawaka, uwanja umefagiliwa. Alikuwa ametoka jikoni na sufuria ya maharage mikononi, simu ikaita ndani ya fundo la kitenge kiunoni. Akageuka kutafuta pa kuitua sufuria, akihangaikia simu isikatike maana mwanawe wa Dar hupiga mara chache, na mguu wa kushoto ukabaki nyuma. Kifundo cha mkono kiliteguka, maharage yakaliwa na kuku. Ndugu wote wakalaumu ndala. Ndala zikanunuliwa mpya.

Kisha kikao cha ukoo, yaani kundi letu la WhatsApp, kikatoa hukumu. Asibebe ndoo. Asiende sokoni peke yake. Asipande daladala. Jumuiya waje wasalie kwake. Mama huyu aliuza viazi na maharage kwa miaka mingi, akipanda mabasi ya barabara kuu kwenda Mbeya na kurudi, akijua bei ya gunia Makambako na bei yake Uyole kwa siku moja. Sasa akakalishwa kwenye kiti cha plastiki na kuletewa chai. Kila aliyepita alimwambia "tulia, mama, pumzika." Haikuchukua muda akawa anashika ukuta hata kwenda chooni.

Mapenzi ya namna hii ninayagombeza popote ninapoyaona. Misuli ya mapaja isiyotumika inaisha, na kwa mzee inaisha upesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Dawa iliyothibitishwa kuliko zote ni mazoezi. Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000, yakaona mazoezi yanapunguza kuanguka kwa asilimia 23, hasa yale ya kuujenga msawazo wa mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, na ya kuiga kazi za kila siku, kama kuinuka kitini, kupanda kidaraja na kugeuka. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa wenye miaka 65 na zaidi ni mazoezi ya msawazo na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Hakuna aliyeandika kiti cha plastiki.

Ila mazoezi ya msawazo peke yake hayatoshi kwa mtu anayeangushwa na simu. Jambo hili nililipata kwenye utafiti mdogo wa Oregon, Marekani, wa mwaka 2009, uliofanywa na Patima Silsupadol pamoja na Anne Shumway-Cook, Marjorie Woollacott na wenzao. Walichukua wazee 23 wenye shida ya msawazo, wakawagawa makundi matatu, dakika 45, mara 3 kwa wiki, wiki 4. Kundi moja lilifanya mazoezi ya msawazo bila kitu kingine. Makundi mengine mawili yalifanya mazoezi hayohayo huku akili inapewa kazi, kama kuhesabu kurudi nyuma. Wote walitembea vizuri zaidi walipopimwa wakitembea tu. Walipopimwa wakitembea huku wanafikiri, kundi la kwanza halikuwa na la kujivunia. Lililong'ara ni lile lililofundishwa kuhamisha mawazo: kipindi fulani weka akili miguuni, kipindi kingine weka akili kwenye hesabu, rudi tena. Na faida yao ilikuwapo bado wiki 12 baada ya mafunzo kuisha.

Nadhani maana yake ni nyepesi. Unachotaka kukiweza ndicho unachokifanyia mazoezi, na mzee anaweza kufunzwa kuchagua mteja yupi asubiri.

Tulikwenda kwanza hospitali, na nasisitiza hili kabla sijaingia uwanjani. Dirisha la wazee lipo, litumike. Presha ikapimwa akiwa amelala na tena akiwa amesimama, maana kuna wanaoshukiwa na presha wakiinuka ghafla, wengine kwa sababu ya dawa wanazomeza. Dawa za usingizi nazo huwayumbisha wazee, na orodha nzima ya vidonge inafaa kuwekwa mezani mbele ya daktari, pamoja na vile vya kununua dukani ambavyo mzee havitaji. Macho yakaangaliwa kama kuna mtoto wa jicho. Nyayo zikaguswa kuona kama zina ganzi. Mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole mwenye mikono ya kazi, akamwambia ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi aketi. Huko Marekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinahesabu sekunde 12 au zaidi kuwa dalili ya hatari. Shangazi alizipita. Dada akamrudisha tena, safari hii akihesabu kutoka 100 kwa kutoa 3.

Hapo nilijifunza jambo ambalo halikuwa kwenye makala za Oregon. Hesabu haikumsumbua. Mtu aliyerudisha chenji maisha yake yote anatoa 3 kama anavyopumua, hata akageuka vizuri. Dada akatabasamu, akaniambia nimtafutie kazi ya kichwa inayomgusa yeye, si ya kwenye kitabu, na iwe ya kumkera kidogo.

Niliipata barabarani. Shangazi anavijua vituo vya Iringa hadi Mbeya kama anavyojua rozari: Ipogolo, Tanangozi, Ifunda, Mafinga, Nyololo, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, Inyala, Uyole. Kuvitaja kwa kwenda ni wimbo, havina kazi kwake. Kuvitaja kwa kurudi ni vita.

Uwanja wetu una mparachichi upande mmoja na mlango wa jiko upande wa pili. Ukutani nimeweka kiti kizito kisichoteleza, kwa ajili ya kushika na kupumzika. Mazoezini havai ndala, anavaa raba za kufunga kamba. Mimi nakaa pembeni yake, nyuma kidogo, mkono tayari lakini simshiki. Ukimshika mzee mkono anakuegemea, na mwili wake unaacha kujitegemea. Tunaanza kwa kusimama: miguu pamoja, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusa kidole, akijaribu kufika sekunde 10. Tunaendelea na kuinuka kitini bila kutumia mikono. Hayo ni ya kawaida na sina cha kuyaongezea.

"Haya, shangazi. Kutoka Uyole, njoo nyumbani."

"Uyole," anasema, anaondoka mparachichini. "Inyala. Igurusi." Mlio mzuri, hatua zinalingana. "Chimala... Igawa..." Mguu wa kushoto unaanza kuchelewa. Kichwa kinainamia chini kana kwamba vituo vimeandikwa kwenye vumbi. "Baada ya Igawa, kwa kurudi, tunakuja..." Amesimama.

"Usitafute kituo. Tafuta mguu. Tembea kwanza."

Anatembea, kimya. Mlio unarudi. Halafu, akiwa karibu na mlango: "Makambako! Kwani mimi ningesahau Makambako? Pale nilikopeshwa hela na sijalipa."

Mpango wetu wote ni huo. Mzunguko mmoja namwambia akili iwe miguuni, vituo vije vyenyewe au visije. Mzunguko unaofuata namwambia vituo visikosekane, miguu iende polepole itakavyo. Vituo vikizoeleka tunabadilisha: majina ya wajukuu kwa kuanzia mdogo, mboga zote zenye herufi fulani, bei za soko la wiki iliyopita. Baadaye ikaongezwa kazi ya mikono, kikombe cha maji nusu, kisha sahani ya maharage makavu ambayo hayatakiwi kumwagika. Simu ndiyo niliiacha hadi mwisho kabisa. Naipiga mwenyewe nikiwa nimesimama kando yake. Zoezi la simu lina jibu moja tu sahihi: simama, tua ulichobeba, ndipo upokee. Anayepiga atapiga tena. Alilipinga sana hili, akisema vocha za watu zinaisha, mpaka nikamkumbusha kwamba simu isiyopokelewa haili hela.

Kelele zake ninazisikia bado. "Mwanangu, unanichezesha kama mtoto wa chekechea." Au, majirani wakichungulia, "Kwani mimi mgonjwa?" Simjibu kwa takwimu. Namwambia kwaya inamngoja.

Na kwaya si mzaha. Kule Geneva, Uswisi, mwaka 2011 walichapisha matokeo ya wazee 134 wenye zaidi ya miaka 65, ambao takriban nusu yao walifanya mara moja kwa wiki mazoezi ya muziki ya Jaques-Dalcroze: mpigaji piano anabadilisha mdundo, wao wanatembea kuufuata, wanageuka, wanapokezana vitu mikononi. Baada ya miezi 6 mwendo wao ulikuwa imara zaidi hata wakiwa wanafanya jambo la pili, na kuanguka kulipungua kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na waliokuwa wakisubiri zamu yao. Niliposoma maelezo hayo niliwaona akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanaingia kanisani na vitenge vya sare: hatua mbili mbele, moja nyuma, mkono juu, sauti ya tatu isipotee, na jicho kwa mwalimu wa kwaya maana anapenda kubadilisha bila taarifa. Akili, mdomo, mikono na miguu, vyote kazini, na mtu anatoka jasho akiwa na furaha. Ukoo ulikuwa umemwachisha hili la kwanza kabisa, eti watu ni wengi mno pale mlangoni atasukumwa.

Amerudi. Mwanzoni aliimba akiwa ameketi pembeni, halafu akasimama katikati ya mstari ambako kuna bega kulia na bega kushoto. Siku hizi anaingia na wenzake, na wakati wa kushuka ngazi ananyamaza wengine wakiendelea kuimba. Hakuna aliyemfundisha hilo, na ndilo lililonifurahisha kuliko vituo vyote vya Mbeya.

Suala la mzigo kichwani bado tunabishana. Kaka yangu anaona ni ukatili mzee kujitwisha ndoo. Mimi namwambia ile ni elimu ya mwili, na si maneno yangu peke yangu: mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya waliozoea kubeba, ikaonekana mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao hauwaongezei matumizi ya nguvu. Shingo na mgongo vilivyozoea hivyo vinajua kunyooka. Hata hivyo kwa shangazi sasa nakubali nusu ya hoja ya kaka. Ndoo ya lita 20 kwenye njia ya mteremko wakati wa masika, hapana. Kikapu cha milulu chenye mboga, kwenye uwanja mkavu, bila kusemeshwa, ndiyo. Mvua zikianza tunahamia kibarazani, na kikapu kinabaki msumarini.

Kuhusu fimbo, ambayo kaka ameituma kwa basi bila kuuliza mtu: ilikuwa ndefu, mpini unamfika mbavuni. Fimbo sahihi inaishia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mzee akiwa amesimama wima na mikono inaning'inia, ili akiishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Inashikwa mkono ulio upande wa pili na mguu dhaifu, kwa hiyo shangazi anaishika kulia. Tumeikata, tumeivika kizibo cha mpira chini, na kizibo kikilika kinabadilishwa. Na kwa wiki za mwanzo usimsemeshe mtu anayejifunza fimbo, kwa sababu fimbo yenyewe ni kazi ya pili. Akili inahesabu lini itue. Vituo vya Uyole tumevisimamisha kwa sasa hadi hapo fimbo na mguu wa kushoto vitakapoelewana.